Nilivyomjazia bamdogo fomu ya kiwewe kwa kukisia, na nusura tumpoteze

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine mambo vipi.

Humu ndani nimekuwa msomaji wa pembeni kwa miaka. Nacheka kwenye nyuzi za watu, nalia kwenye nyuzi za watu, sijawahi kuchangia hata neno. Leo nimejitosa. Ninachoandika kimetokea, nilikuwepo, na mkosaji mkuu ni mimi mwenyewe.

Wanaonijua mtaani wanajua nina mkono mzito wa chumvi. Sawa. Chumvi nitaweka kwenye vitu vidogo vidogo. Kwenye mambo ya bamdogo sitaweka hata punje.

Mwenye chai aivute karibu, uzi una urefu wake.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mmeru wa pale juu ya Maji ya Chai, ukiacha lami unapanda na migomba mpaka pumzi ikuishie. Form Four nimeipata shule ya jioni, pale mjini, nikiwa na miaka ishirini na tisa na ndevu kama za nabii. Mwalimu wa hesabu siku ya kwanza aliniamkia, akadhani ni mkaguzi.

Siku nimechukua cheti nilitembea nacho mkononi Arusha nzima. Nadhani mpaka twiga wa Momella walipata habari.

Cheti hicho ndicho kilichonipa ukarani kwenye nyumba moja ya kuacha ulevi kule Njiro. Soba, kama tunavyoita. Jina silitaji. Ilikuwa nyumba ya kupanga tu, ukuta mrefu, geti jeusi. Asubuhi majirani wanatoka na magari yao kwenda maofisini, hawana habari kwamba nyuma ya ukuta ule kuna wanaume ishirini na wawili wanajifunza kuoga, kula na kulala bila kitu kichwani.

Miaka hiyo simu za kubonyeza ndiyo zimepamba moto, na soba zilikuwa za kuhesabu. Yetu iliongozwa na Kaka Dismas, mlevi mstaafu, mtu wa haki mpaka inakera. Sheria yake ilikuwa imebandikwa ukutani kwa maandishi mekundu: ukinywa mara mbili ukiwa humu, unaondoka. Hakuna rufaa.

Mtu wa pili ni Sista Resia. Sista kwa maana ya nesi jamani, ana mume na watoto watatu. Mchaga wa Rombo, mfupi, sauti kama kengele ya parokia. Alikuwa amesomea afya ya akili, anakuja kwetu siku tatu kwa wiki.

Huyu mama ndiye aliyeleta fomu.

Nakumbuka aliiweka mezani akamwambia Dismas: "Mlevi akija hapa mnamuuliza anakunywa nini na anakunywa kiasi gani. Hakuna anayemuuliza alianza kunywa baada ya nini."

Dismas akasema, "Sista, sisi tunatibu pombe."

"Ndiyo maana wanarudi," akajibu. Wala hakunyanyua kichwa.

Niwaeleze hiyo fomu kwa lugha ya shule ya jioni, wenye digrii mnisamehe.

Sehemu ya kwanza inauliza kama mtu amewahi kupitia jambo baya la kutisha. Ajali, kipigo, kubakwa, vita, kushuhudia mtu akifa. Ndiyo au hapana, basi. Humuulizi akusimulie.

Sehemu ya pili inauliza mwezi huu hali ikoje. Lile jambo linamjia kwenye ndoto, au linamvamia mchana bila kuitwa? Anakwepa vitu vinavyomkumbusha? Anashtuka ovyo, yuko macho macho muda wote? Anajiona amekufa ganzi, yuko mbali na watu? Anajilaumu, hawezi kuacha kujilaumu?

Ukiwa na ndiyo nyingi haina maana wewe ni mgonjwa tayari. Maana yake upelekwe kwa daktari akakuchunguze vizuri, kwa sababu inawezekana una kiwewe, na pombe umeifanya dawa yake. Sasa ukimnyang'anya mtu dawa hata kama ni sumu, halafu kidonda ukakiacha, unategemea nini?

Sista alikuwa na masharti yake. Mtu asiulizwe akiwa kwenye arosto, yaani ile hali ya mwili kulilia pombe. Aulizwe siku ya kumi, mikono ikiwa imetulia, maana arosto yenyewe inaleta ndoto mbaya na kushtuka, utachanganya mambo mawili. Aulizwe akiwa peke yake. Na akanigeukia mimi niliyepewa kazi ya kusoma maswali: "Wewe karani, siku ukiona haya kumuuliza mtu, niite mimi. Usijifanye mjuzi."

Nikasema sawa Sista. Nilisema kwa sauti kubwa kabisa.

Nikawa namuuliza kila mtu. Mateja wa stendi, wazee wa gongo, mwalimu mstaafu, jamaa mmoja dereva wa malori mwenye kifua kama mlango wa benki. Huyo dereva alilia swali la pili tu. Nilijiona daktari bingwa.

Halafu akaingia bamdogo.

Bamdogo Anaeli ni mdogo wa baba yangu. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Bamdogo hakuwa ameoa bado, akaja kukaa kwetu, akatulea. Viatu vyangu vya kwanza alininunulia yeye. Hata shule ya jioni ni yeye aliyenisukuma. Alinikuta nimekaa tu kibarazani na uzee wangu ule, akaniambia, "Baba, kichwa chako kinaota ukungu. Nenda shule."

Ananiita baba. Mimi ni mtoto wake, yeye ananiita baba. Wenye bamdogo wa hivyo mnanielewa.

Kazi yake ilikuwa mlimani. Ile miaka ya ruksa, mambo yalipofunguliwa, kila mwenye Land Rover mbili Arusha alifungua kampuni ya utalii. Wazungu wakaja kama kumbikumbi. Vijana wa kwetu wakawa wagumu, ndivyo wanavyoitwa wapagazi wa mlimani, na bamdogo akapanda cheo akawa mpishi. Meru ameipanda mara nyingi kuliko mawingu yanavyoipanda. Alikuwa anapika supu kule juu, wageni wanataka kumchukua waende naye Ulaya.

Halafu akaacha. Ghafla. Akarudi nyumbani, akaanza kunywa.

Nyumbani kila mtu alikuwa na jibu lake. Bibi alisema ni mkosi. Mchungaji alisema ni roho. Majirani wakasema ni baridi ya mlimani imemzoesha kupasha kifua. Hilo la baridi ndilo tulilolishika wote, maana kweli alikuwa anazidisha siku za mvua na manyunyu. Mwezi wa saba, ukungu ukishuka mpaka kwenye migomba, bamdogo humpati akiwa na akili zake.

Tukasema anakunywa kwa sababu ya baridi. Miaka zaidi ya kumi tulisema hivyo. Nani Arusha hanywi kwa sababu ya baridi?

Mpaka akaanza kuvimba miguu na macho yakawa ya njano. Daktari alituambia waziwazi, ini limechoka, akiendelea na gongo mwaka hautaisha tuko naye. Ndipo nikamleta kule soba kwa mkono wangu mwenyewe, ameshika kifuko cha nailoni chenye nguo mbili.

Siku ya kumi ikafika.

Nikamwita ofisini. Akakaa, mikono juu ya magoti, amevaa sweta langu la zamani, linamning'inia.

"Shikamoo bamdogo."

"Marahaba baba. Umeniita."

"Kuna fomu hapa."

"Soma."

Nikaangalia lile swali la kwanza. Wakuu, maneno yalikuwa yale yale niliyokwishawasomea watu thelathini. Nikajaribu kufungua mdomo, mdomo umegandishwa na gundi ya fundi viatu. Nianzie wapi kumuuliza baba yangu kama amewahi kubakwa? Kama anaota vibaya? Kama anaogopa? Kwetu mtoto hamuulizi mzazi kama anaogopa. Ni sawa na kumvua nguo sebuleni.

Nikasema, "Ni mambo ya kawaida tu bamdogo. Naweza kujaza mwenyewe."

Akaniangalia.

"Si unanijua?"

"Nakujua."

"Basi jaza."

Nikajaza. Hapana, hapana, hapana, hapana, mpaka chini. Mwandiko mzuri kabisa, wa shule ya jioni. Nikampa kalamu akasaini.

Nilikuwa nimeambiwa nikiona haya nimwite Sista. Sikumwita. Ningemwambia nini, kwamba karani bingwa ameshindwa? Na kusema ukweli niliamini namjua. Nimekula sahani moja na huyu mtu tangu utoto, sasa kuna nini nisichokijua?

Sista aliposoma ile fomu aliguna. "Huyu mzee amelelewa kwenye pamba?"

Nikacheka. "Ni mtu wa mlimani huyo, Sista. Mgumu."

"Haya."

Akaiweka kwenye faili. Bamdogo akaingizwa kundi la pombe tupu. Sala asubuhi, usafi, vikao, bustani. Wenzake waliokutwa na ndiyo nyingi wanapelekwa kwa daktari Jumatano, wanakaa na Sista mmoja mmoja. Bamdogo anamwagilia mchicha.

Wiki ya tatu ikaanza kesi ya ajabu.

Baada ya chakula cha mchana kulikuwa na saa moja ya kupumzika, watu wanajinyoosha vitandani. Siku hiyo nasikia kelele bwenini. Yule dereva wa malori amekaa kitandani, kakunja miguu kama binti.

"Huyu mzee ananishika miguu! Nimelala zangu, naamka kashika nyayo!"

Mwingine akadakia, "Hata mimi jana! Nikadhani panya."

Dismas akaja. "Mzee Anaeli, unatafuta nini kwenye miguu ya watu?"

Bamdogo akajibu kwa upole kabisa, "Naangalia kama ina joto."

Nyumba nzima ililipuka. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kutoka getini kuuliza kuna nini. Kuanzia siku ile akaitwa Daktari wa Nyayo. Watu wakilala wanamnyooshea miguu, "Dokta, njoo unipime!" Naye alikuwa anakwenda kweli, anashika, anatikisa kichwa, anarudi kukaa.

Na mimi nilicheka wakuu. Naomba hilo liandikwe.

Naona tayari kuna mtu anataka kuandika "mkuu fupisha". Vumilia kidogo, ndiyo tunafika.

Anguko la kwanza lilikuwa siku ya manyunyu. Walitumwa watatu kwenda Kijenge kununua mboga. Wawili wakarudi na mboga, bamdogo akarudi saa mbili baadaye anapepesuka. Dismas akaandika: mara moja.

La pili lilikuja wiki mbili mbele. Mchana mmoja ikashuka mvua ya mawe, ile ya kwetu, bati zinapigwa unadhani kuna kesi. Watu wote wamekimbilia ndani wanashangilia. Ilipotulia tukahesabu, bamdogo hayupo. Geti liko wazi.

Nilimtafuta mpaka nikamkuta Kijenge, kwenye kilabu cha gongo, uani. Amelowa chapachapa. Amekunywa, ndiyo, harufu ilinipokea barabarani. Lakini kilichonisimamisha ni kitu kingine.

Kulikuwa na mlevi mmoja amelala pale ukutani, hata simjui, naye hamjui. Bamdogo alikuwa amevua soksi na viatu vyake, anamvisha yule mtu. Yeye mwenyewe nyayo ziko kwenye tope. Anamsugua yule jamaa vifundo vya miguu kwa viganja viwili, anamwambia, "Amka. Amka basi. Maji yamechemka."

Jamaa anakoroma.

Nikasema, "Bamdogo, twende."

Akanitazama kama mtu asiyenijua. "Mwambie maji yamechemka."

Sikucheka.

Tulivyorudi Dismas hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikuwa na huzuni. Alisema tu, "Mara mbili. Ijumaa aende nyumbani. Nisipofuata sheria kwake, kesho nitamwambia nini mwingine?"

Ilikuwa Jumanne. Nyumbani maana yake ni kwetu juu, hatua hamsini kutoka kilabu cha kijijini. Maana yake ni lile neno la daktari. Kwa kifupi Dismas alikuwa amesema bamdogo aende akafe, na Dismas mwenyewe alijua, na sheria ilikuwa haki.

Jumatano Sista alipofika nilimsubiri pale getini. Nikamwambia yote. Soksi, maji, fomu.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimuuliza hata swali moja?"

"Hata moja."

"Kwa nini?"

"Ni baba yangu, Sista. Ningemuulizaje kama anaogopa?"

Nilitegemea kengele ya parokia. Akaongea taratibu, na hiyo iliniuma zaidi. "Teja wa kwanza aliyeletwa hapa na polisi alipewa nafasi ya kuulizwa. Wewe mzee wako umemnyima. Kwa heshima."

Akaenda kwa Dismas. Dismas akaanza, "Sista, kila mlevi ana hadithi. Mimi mwenyewe nilikuwa nazo nane."

"Na katika hizo nane, kuna mtu aliwahi kukuuliza hata moja?"

Dismas akageuka kuitazama sheria yake ukutani. Mwisho akasema, "Mpaka Ijumaa."

Sista akamwita bamdogo ofisini, mlango ukafungwa. Baada ya dakika tano wakatoka. Sista ananionyesha fomu mpya. Hapana mpaka chini. Safari hii za kwake mwenyewe.

"Ananijibu kama askari anakaguliwa," akasema. "Mimi ni mtoto wa juzi kwake, halafu mwanamke, nimekaa nyuma ya meza na kalamu. Angejibu nini?" Akafikiri. "Alikuwa mpishi, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Leo jioni tunakula nini?"

Tulikuwa tunakula ndizi. Sista Resia akamwambia mpishi wa zamu akapumzike. Akavua saa, akafunga kanga kiunoni, akachukua visu vitatu na beseni la maji. Akamwita bamdogo, "Mzee Anaeli, hawa vijana wanamenya ndizi kama wanachonga penseli. Njoo unisaidie."

Mimi nikanyanyuka kutoka. Sista akamuuliza yeye, "Huyu atoke au akae?"

Bamdogo akatazama kisu chake. "Akae. Ila amenye."

Tukakaa watatu kwenye vigoda, beseni katikati. Nani amewahi kumenya ndizi mbichi akamtazama mwenzake usoni? Huwezi, utajikata. Macho yote kwenye kisu, utomvu unatia vidole weusi, maganda yanadondoka. Tukamenya kama robo ya mkungu bila neno, isipokuwa Sista kumtania kwamba Wameru wanakata nyama ya ndizi pamoja na ganda, na bamdogo kumjibu kwamba Warombo wanamenya nyembamba kwa uchoyo.

Halafu Sista akasema, bila kubadilisha sauti:

"Mzee, sitaki kujua kilichotokea. Hicho ni chako. Nataka kujua kinachokutokea sasa. Ukitaka kujibu jibu, usipotaka menya."

Bamdogo akamenya.

"Kuna kitu kinakurudia bila kukiita?"

Kisu kikaenda mpaka mwisho wa ndizi. Akaitumbukiza kwenye maji.

"Kipo."

"Kuna vitu unavikwepa visikukumbushe?"

"Jiko la mafuta ya taa. Ile harufu." Akachukua ndizi nyingine. "Na mvua. Lakini mvua utaikwepa wapi?"

"Unashtuka?"

"Mtu akilala kimya sana, nashtuka."

"Unajiona uko mbali na watu?"

"Nawaona kama wako ng'ambo ya mto. Hata huyu." Akaninyooshea kisu, hakunitazama. "Namuona anaongea."

Nilikuwa nimeacha kumenya. Sista akanigusa na goti, menya.

"Unajilaumu?"

Hapo alisimamisha mikono. Maji ya beseni yalikuwa yamekuwa ya kijivu. Akasema, "Nimweleze huyu?"

"Siyo lazima."

"Nataka."

Akaeleza kidogo tu, wala hakumaliza dakika tatu. Alikuwa na rafiki, Lomayani, Mwarusha wa upande ule wa magharibi wa mlima, mgumu mwenzake, wamebeba pamoja miaka. Safari ile walipigwa na mvua ya mawe tangu msituni mpaka kambi ya juu. Lomayani alikuwa na koti la mtumba, limeloa lote. Walipofika jioni ile, bamdogo akafunga hema la jikoni, akawasha jiko. Lomayani akaja akaomba maji ya moto aweke miguu, haisikii.

"Nikamwambia subiri, ya wageni kwanza. Ndiyo ilikuwa utaratibu. Mgeni anawe, mgeni anywe chai, halafu sisi. Nikamtania. Nikamwambia, Mwarusha mzima unalia baridi, wazee wako wakikusikia? Akacheka. Akasema basi najilaza hapa, maji yakichemka uniamshe."

Sista akaendelea kumenya.

"Wageni walikuwa sita. Nikachemsha. Nikapeleka. Nikachemsha yake. Nikamwita. Nikashika miguu. Haina joto."

Akaishia hapo. Akachukua ndizi, akaanza kuimenya upya, ilikuwa imeshamenywa.

Sista Resia akaweka kisu chini. Akamwambia hivi, na nimeyashika kama yalivyo: "Mzee Anaeli, hayo unayoyapata yana jina, na yana matibabu. Siyo mkosi na siyo baridi. Na wewe siyo mlevi aliyekosa akili. Umekuwa unamchemshia mtu maji kwa miaka kumi na kitu. Umechoka."

Bamdogo alilia. Mimi sikuwahi kumuona analia, hata siku ya mazishi ya baba. Alilia na vidole vyake vyeusi vimening'inia mbele, hataki kujipaka usoni. Nikamfuta na shati langu. Hilo shati sitasema liliishia wapi.

Nisiwaongopee kwamba mambo yakawa asali baada ya hapo. Fomu siyo dawa. Fomu inabisha hodi tu. Alipelekwa kwa daktari, akachunguzwa kwa kirefu, akathibitishwa ana kiwewe, na akaanza kutibiwa vyote viwili kwa pamoja, pombe na kiwewe, siyo kimoja kikisubiri kingine. Kila Jumatano. Miezi ya mwanzo alikuwa anarudi amechoka kama aliyepanda mlima kweli.

Ijumaa ile hakuondoka. Dismas alichukua kalamu nyekundu, akaongeza mstari chini ya sheria yake: asiondoke mtu kabla hajaulizwa vizuri. Kisha akaniambia nimpangie Sista muda, naye ana jambo la kumenyea ndizi. Sikuuliza ni lipi katika zile nane.

Bamdogo alianguka tena mara moja, mwaka uliofuata. Safari hii alirudi mwenyewe kwa miguu yake, akagonga geti, akasema nimekunywa, niandikeni. Tangu hapo mpaka leo ninapoandika hajagusa. Ini halikurudi kuwa la kijana, lakini yupo. Anabishana na redio. Anafuga mbuzi wawili wakorofi kama wanasiasa.

Sasa, kilichonifanya niandike.

Kwa muda mrefu sikuwahi kumwomba msamaha kwa ile fomu. Nilikuwa naona haya ile ile. Juzi Jumapili tulikuwa tumekaa nyumbani, watu wametoka ibadani, nikasema basi leo. Nikamwambia, "Bamdogo, ile siku ya kwanza ofisini. Nilitakiwa kukuuliza, nikajaza mwenyewe. Nisamehe."

Akawatazama mbuzi wake. Nikaogopa nimeharibu Jumapili.

"Ungeniuliza ningekudanganya," akasema.

"Najua."

"Ningekujibu hapana zote. Kama ulivyoandika."

"Najua bamdogo."

"Lakini ningejua umeuliza, baba."



Nilichojifunza ni hiki. Tunadhani kumjua mtu kunatosha. Mtu umelala naye chumba kimoja, umekula naye, unadhani unaweza kumjibia. Huwezi. Mzee wako anayekunywa mpaka mnamficha wageni wakija, mjomba, shangazi, kaka mkubwa, kabla hamjasema ni mkosi au ni tabia au ni baridi, mtafutieni mtu wa kumuuliza. Kama wewe unaona haya, na ni haki yako kuona haya, tafuta mwingine: nesi, daktari, mtu aliyefundishwa. Asimlazimishe kusimulia. Amuulize kinachomtokea sasa. Na akisema hapana, asiondoke haraka.

Na ninyi makarani wenzangu wa hizi nyumba, kisanduku kikiwa kitupu kiacheni kitupu. Kitupu kitamfanya mtu arudi kuuliza.

Nimemaliza. Kuna mwenye mzee wa namna hii nyumbani, au ni yeye mwenyewe? Andika hapo chini, au kama ni zito njoo inbox tuongee. Wauguzi na madaktari mliomo humu nirekebisheni nilipokosea kitaalamu, elimu yangu ni ya jioni. Wenye matusi nao wakaribie, ila waanze na shikamoo, maana bamdogo nimemuahidi nitamsomea kila mtakachoandika.